Mtoto anaomba kujifunza kupiga bunduki huko Marekani: wazazi, msikatae mbele ya kwenda kuona

Uvira – Ilikuwa saa saba ya usiku wakati simu yangu ililia. Hapa Uvira, simu ikilia saa hiyo, unaipokea ukiwa umekwisha kukaa kitandani na moyo unapiga, kwa sababu saa hiyo haileteagi habari nzuri. Alikuwa dada yangu mdogo, anayeishi Cedar Rapids, katika jimbo la Iowa kule Marekani. Kwao ilikuwa saa kumi na mbili ya jioni, watu wametoka kazini.

"Kaka, pole kukuamsha. Hakuna aliyekufa. Ni huyu mpwa wako. Ameleta karatasi, anataka nitie sahihi. Anaomba kuingia katika timu ya kupiga bunduki."

Nilimwomba arudilie. Akarudilia. Msichana wa miaka kumi na tano, aliyezaliwa kambini Nyarugusu, ambaye mama yake alivuka ziwa Tanganyika mwaka 1996 akiwa mtoto mwenyewe, amebebwa mgongoni na shangazi yetu. Huyo ndiye anataka kushika bunduki kwa kupenda, siku ya Jumamosi, kama wengine wanavyoenda kucheza mpira.

Nilisema hapana. Nilisema kwa sauti ya mkubwa wa familia, na dada yangu akasema asante kaka, na nikarudi kulala nikijiona nimefanya kazi yangu. Leo naandika kwa sababu nilikosea. Najua pia kwamba familia nyingi zetu zilizoko Iowa, Kentucky, Texas, Ohio na kwingineko zinapata swali hilo hilo, na zinajibu kama nilivyojibu mimi, usiku, bila kuuliza hata neno moja.

Nianze na sababu zangu za kukataa, maana hazikuwa za upumbavu. Sisi wa huku bunduki tunaijua kwa sauti yake. Tunajua kutofautisha masasi ya mbali na ya karibu, tunajua ni ukuta gani wa nyumba ulio mnene, tunajua kuvuta watoto chini ya kitanda bila kuwasha taa. Na neno "mtoto na bunduki" kwetu lina jina: kadogo. Kila mtu aliyekuwa na akili timamu mwaka 1996 na 1997 aliwaona wale watoto, bunduki ikiburuzika karibu na kisigino, macho mekundu, wakiagiza wazee wakae chini. Wengi wetu tulikuwa na mmoja wao katika familia. Kwa hiyo dada aliponiambia "timu ya kupiga bunduki", mimi sikuona timu. Nilimwona kadogo.

Siku tatu baadaye mpwa mwenyewe aliniandikia. Ameandika Kiswahili chake cha kambi kilichochanganyika na cha simu, lakini heshima yote ilikuwamo: "Shikamoo mjomba. Naomba uniulize ni mchezo gani ndipo ukatae." Neno hilo lilinichoma kidogo. Mimi ni mwandishi wa habari. Kazi yangu ni kuuliza mbele ya kusema, na kwa jambo la mtoto wa dada yangu nilikuwa nimesema mbele ya kuuliza. Basi nikauliza. Nilimuuliza yeye, nikaongea na kocha wake huku mtoto akitafsiri, kisha nikasoma.

Mchezo wenyewe unaitwa trapu. Hakuna kupiga mtu, wala sanamu ya mtu, wala mnyama. Kinachopigwa ni kisahani cha rangi ya machungwa, upana wake karibu sentimita kumi na moja, kinachovunjika kirahisi kama kipande cha mtungi. Mbele ya wachezaji kuna kibanda kifupi kilichozama nusu ardhini, na ndani yake mashini inayorusha visahani hivyo kuelekea mbele, kwa mwendo wa kilomita kama 67 kwa saa. Mashini inageuka-geuka: mara kisahani kinakwenda kushoto, mara kulia, mara moja kwa moja, na mchezaji hajui kitakwenda wapi. Wachezaji watano wanasimama kwa mstari wa upinde nyuma ya kibanda, mita karibu kumi na tano. Anayefikiwa na zamu anaita kwa sauti neno lenye maana ya "vuta", kisahani kinaruka, naye ana sasi moja tu ya kukivunja. Akikosa, amekosa, zamu inakwenda kwa jirani. Kila mmoja anapiga mara tano, wanahama nafasi moja, wanaendelea hivyo mpaka kila mtu amepiga visahani 25. Hiyo ndiyo raundi moja. Aliyevunja vingi ndiye mshindi.

Bunduki inayotumika si ya vita. Ni ile ya wawindaji ambayo huku kwetu tunaiita kalibre 12, ambayo wazee wa Fizi na wa Itombwe waliining'iniza juu ya moto ili isipate kutu. Badala ya risasi moja inatoa chembe ndogo mamia kadhaa, zinazotawanyika kama mtama uliomwagwa, na nguvu yake inaishia mbali kidogo tu. Watoto wenye mwili mdogo wanapewa kalibre 20, isiyorudisha bega nyuma sana.

Tena mchezo huu ni wa zamani. Waingereza zaidi ya miaka mia mbili iliyopita walikuwa wanafungia njiwa wa kweli katika visanduku, wanavuta kamba, njiwa anaruka, wanampiga. Ndiyo sababu mpaka leo wachezaji wanaita "vuta", na kile kisahani wanakiita njiwa ingawa hakina bawa. Mwaka 1880 Mmarekani mmoja wa mji wa Cincinnati, George Ligowsky, alitengeneza kisahani cha udongo, na njiwa wakapumzika. Kwa uaminifu wote, habari hiyo ya njiwa ilinifurahisha kuliko nilivyotegemea.

Kilichonigeuza mawazo hasa ni siku ya kwanza ya mafunzo, jinsi mpwa alivyoisimulia. Nilidhani wanapanga watoto kwenye mstari na kuwagawia bunduki. Kumbe siku ya kwanza hakugusa bunduki. Mbele ya yote alitakiwa kusoma somo la usalama na kufanya mtihani; asiyekuwa na cheti hicho haingii kwenye mstari, hata baba yake awe nani. Kisha kocha akawafundisha mambo ambayo mimi, niliyezungukwa na watu wenye bunduki maisha yangu yote, sijawahi kuona yakifuatwa na hata mmoja wao. Mtutu hauelekezwi kamwe kwa mtu, hata bunduki ikiwa tupu, hata kwa mzaha. Kidole hakigusi kifyatulio mpaka kisahani kimeitwa. Bunduki inatembezwa ikiwa wazi, imevunjwa katikati, ili kila mtu aone kwa macho yake kwamba hakuna kitu ndani. Kartushi moja tu inaingia, na inaingia tu ukiwa umesimama kwenye nafasi yako na zamu yako imefika. Miwani na vizibo vya masikio havivuliwi. Anayekiuka, hata bingwa wa timu, anarudishwa nyumbani siku hiyo.

Nifikirie kidogo. Ni mara ngapi tumezika mtu hapa kwa sababu askari alikuwa anasafisha silaha yake na "ikajifyatua"? Kule msichana wa miaka kumi na tano ameambiwa kwamba bunduki haijifyatui. Kama imelia, kuna mtu aliyefanya kosa, na kosa hilo lina jina lake. Ningetamani somo hilo lifundishwe kwanza huku kwetu.

Kisha wakampima jicho. Hili wazazi mlijaribu nyumbani, halina gharama. Unanyoosha mikono, unaunganisha viganja mpaka ibaki nafasi ndogo katikati, unaangalia kupitia hapo kitu kilicho mbali, taa ao msumari ukutani. Sasa funga jicho la kushoto. Kama kitu bado kipo, jicho lako kubwa ni la kuume; kama kimepotea, ni la kushoto. Mtu anaweza kuandika kwa mkono wa kuume na jicho lake kubwa likawa la kushoto. Mtu huyo akiweka bunduki begani upande wa kuume atakosa siku nzima na kudhani hana kipaji. Mpwa wangu yuko hivyo. Kocha alimhamishia bunduki bega la kushoto tangu mwanzo, akamwambia atachelewa wiki mbili na kupata faida miaka ishirini.

Na baada ya hapo ni mwili. Mguu wa mbele unapinda kidogo, uzito unaegemea mbele, shavu linalala juu ya kitako cha bunduki na halinyanyuki. Macho yanaangalia kisahani, hayaangalii mtutu, kama vile anayerusha jiwe kwenye embe haangalii mkono wake. Bunduki inafuata kisahani, inakipita kidogo, inapiga na inaendelea kutembea. Wanaoanza karibu wote wanafanya makosa mawili: wananyanyua kichwa ili waone kama wamepiga, na wanasimamisha bunduki wakati wa kufyatua. Chembe zinapita nyuma ya kisahani, na kisahani kinakwenda zake.

Raundi yake ya kwanza, katika visahani 25, alivunja sita. Aliniandikia "sita mjomba!" na alama za furaha nyingi kuliko herufi.

Kwa hiyo mawazo yangu leo ni haya: mzazi asikatae mbele ya kwenda kusimama pale mwenyewe, Jumamosi moja, na kuona. Akishaona, na moyo wake bado unakataa, basi akatae, ni haki yake, tena mtoto atamwelewa. Kukataa kutoka sebuleni ndiko ninakopinga. Na kama anakubali, akubali na masharti. Mimi nilimpa dada yangu masharti, na sharti moja ni zito kuliko mengine yote.

Bunduki isilale nyumbani.

Kwa mtu anayeanza hakuna haja ya kununua. Timu nyingi zina bunduki za kuazimisha, ao kocha anazo, ao kiwanja kinazo. Mtoto anaikuta pale, anaiacha pale. Nasema hivi nikijua Wamarekani wengi wataniona wa ajabu, maana kwao bunduki iko kabatini kama vile kwetu jembe. Lakini nyumba zetu si sawa na zao. Katika nyumba zetu kuna baba ambaye halali usiku. Kuna kijana aliyeona mambo porini ambayo hajamwambia mtu. Kuna mama anayekaa kimya tangu afike, na tunasema ni baridi. Imejulikana na kuthibitishwa kwamba bunduki ikiwa ndani ya nyumba, hatari ya mtu wa nyumba hiyo kujiua inapanda, kwa sababu saa mbaya inapita haraka, na mtu anayekosa chombo karibu mara nyingi anaishi kuona asubuhi. Tumezika watu ng'ambo kwa njia hiyo na kwenye matanga tukasema ni ugonjwa. Basi chombo kisiwe karibu. Na siku mtoto amekuwa mchezaji wa kweli na anahitaji bunduki yake, inunuliwe pamoja na sanduku la chuma lenye kufuli, kartushi zikae mahali pengine na kufuli lake, na ufunguo ujulikane na mtu mzima mmoja tu.

Sharti la pili ni karatasi za ukaaji, na hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa ninyi mlioingia miaka hii ya karibuni. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi, na mwenye kadi ya kijani, sheria kuu ya Marekani haimkatazi kushika bunduki kwa sababu tu si raia. Lakini mtu anayekaa bila ruhusa imemkataza kabisa, na aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo, imemkataza pia isipokuwa katika hali chache. Na neno la sheria si "kumiliki" peke yake. Kushika kunatosha. Kuna kesi iliyofika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2019: mwanafunzi kutoka Falme za Kiarabu aliyefukuzwa chuo, hivyo ruhusa yake ya kukaa ikaisha, akaenda kiwanja cha kupiga bunduki, akaazima, akapiga, akaenda zake. Alifungwa. Mahakama Kuu ilisema mwishoni kwamba mwendesha mashtaka lazima aonyeshe kwamba mtu alijua hali yake ya ukaaji, lakini mpaka neno hilo lilipotoka kijana alikuwa ameteseka kiasi gani? Na hukumu ya kosa la bunduki inaweza kumrudisha mtu asiye raia nchini alikotoka. Kwa hiyo kama karatasi zenu bado zinangojea majibu, mtoto asiguse hata ya kuazima mpaka mmeuliza avoka anayejua mambo ya uhamiaji. Msiulize jirani ao mchungaji, tena msiniulize mimi. Ongezeni na hili: mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa kumpiga mke wake, hata kama hukumu ilikuwa ndogo, sheria hiyo hiyo imemkataza bunduki. Wababa wanaohusika wanajijua.

La tatu ni picha. Najua mtoto atataka kujipiga picha, miwani machoni, bunduki mkononi, na kuiweka kwenye WhatsApp. Kule ni picha ya mchezo. Ikifika huku Uvira, ao Baraka, ao Minembwe, ikiwa imepitia simu kumi bila maelezo, ni picha ya mtoto wa fulani ambaye ameshika silaha. Mwenye kuipokea hajui Iowa ni nini. Anajua familia, anajua kabila, na ana hadithi yake tayari. Nimeona picha isiyo na kosa ikileta watu wenye silaha kwenye mlango wa mzee ambaye hajawahi kutoka nje ya Kivu. Kwa hiyo mpwa wangu amekatazwa kutuma picha yoyote yenye bunduki. Anatuma picha ya vipande vya visahani vilivyovunjika kwenye majani, na karatasi ya pointi. Inatutosha.

Mambo mengine ni madogo. Anawe mikono mbele ya kula, kwa sababu chembe zile ni za madini ya risasi na madini hayo ni sumu. Na avae nguo inayofunika bega vizuri, maana wiki ya kwanza bega litakuwa la buluu.

Kuna wanaonipinga. Mzee mmoja wa kanisa ambaye ninamheshimu aliniambia: "Sisi tunahubiri amani kila Jumapili, na wewe unaandika watoto wafundishwe bunduki." Nilimjibu kwamba mishale ya babu zetu wa Itombwe ilikuwa ya nyama na ilikuwa pia ya mashindano kati ya vijiji, na hakuna aliyesema kulenga shabaha ni vita. Hakukubali. Tuliachana vizuri, lakini hakukubali, na sitaficha kwamba sehemu moja ya moyo wangu iko upande wake. Nikisikia masasi usiku huko Kavimvira, na nikikumbuka kwamba kesho mtoto wetu atapiga masasi akicheka, kuna kitu kinajikunja tumboni.

Wengine wanasema huo ni mchezo wa wazungu matajiri. Kuhusu wazungu, wako wengi kweli, hasa wa vijijini, na mtoto wetu pengine atakuwa mweusi peke yake kwenye mstari. Mpwa wangu ndivyo alivyo. Aliniambia wiki ya kwanza hakuna aliyemsemesha, wiki ya tatu msichana mmoja mkulima alimgawia vizibo vya masikio, na sasa wanapanda gari moja. Kuhusu pesa, nilifanya hesabu. Sanduku la kartushi 25 linauzwa karibu dola kumi, pengine zaidi. Katika ligi za shule, mtoto kawaida anapiga raundi mbili kwa wiki, yaani visahani 50, wiki tano za mashindano na moja ao mbili za mazoezi. Hiyo ni kama masanduku kumi na mbili mpaka kumi na nne kwa msimu, tuseme dola mia na hamsini kwa kartushi peke yake, kisha ada ya timu na visahani. Si kidogo kwa mama anayefanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Lakini timu nyingi zinatafuta wafadhili, na mzazi anayeuliza bila haya mara nyingi anasaidiwa. Dada yangu aliona haya. Mtoto ndiye aliyeuliza.

Jambo zuri ni kwamba hawasafiri kila wiki. Kila timu inapiga kwenye kiwanja chake na kutuma pointi kwa intaneti, zinalinganishwa huko. Ligi ya namna hiyo ilianza Minnesota mwaka 2001 na shule tatu tu, leo iko katika majimbo mengi, na wanaoiongoza wanajivunia kwamba tangu ianze hakuna mchezaji aliyeumizwa kwa risasi. Wavulana na wasichana wanashindana pamoja. Hakuna mbio ndefu wala kimo, na mtoto aliyekaa benchi katika michezo yote mingine hapa hakai benchi, kwa sababu kila mtu anapiga raundi yake.

Kuna waliosema pia, hasa mashangazi, kwamba msichana ataolewa na nani akijulikana anapiga bunduki. Kwa hilo nina majina mawili. Alessandra Perilli wa San Marino, kanchi kadogo kuliko teritware ya Uvira, alipata medali ya shaba katika trapu kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, na ilikuwa medali ya kwanza katika historia ya nchi yake. Na Adriana Ruano wa Guatemala alikuwa anafanya jimnastiki mpaka uti wa mgongo ukamharibikia. Akahamia trapu, na mwaka 2024 katika Olimpiki ya Paris alivunja visahani 45 katika 50 na kuipa Guatemala dhahabu yake ya kwanza kabisa. Katika Olimpiki wanawake wana shindano lao la trapu tangu Sydney mwaka 2000. Sisemi mpwa wangu atafika huko. Juzi alivunja 14 na akalia kwa sababu alitaka 15.

Nabakiza jambo moja, nalo ni la dada yangu mwenyewe, sio la mtoto. Mimi nilikuwa nahangaikia msichana, na nilisahau kwamba anayebeba 1996 mwilini mwake ni mama yake. Jumamosi ya kwanza alipompeleka, aliegesha gari mbali, akafunga vioo vyote, akaweka nyimbo za kwaya kwa sauti ya juu. Raundi ilipoanza, alijikuta amelala juu ya kiti cha pembeni, mikono kichwani. Hakumwambia mtu. Aliniambia mimi wiki mbili baadaye, usiku tena, na safari hii sikusema kwa sauti ya mkubwa. Nilimwambia asirudi, amwombe mama wa yule msichana mkulima ampeleke mtoto. Wazazi wengine walioko huko watapatwa na hali hiyo, na si aibu. Mpango wa usafiri upatikane mapema, na mtoto aambiwe kwa upole kwa nini mama haji, ili asifikiri ni hasira.

Dada alikaa nyumbani Jumamosi tatu. Ya nne alirudi bila kuniuliza. Alivaa vizibo vya masikio ambavyo kocha alimpa, akasimama nje ya gari, mkono juu ya mlango. Mpwa anasema mama alibaki raundi ya kwanza yote, visahani 25 mara watu watano, akihesabu kwa midomo. Ya pili alirudi ndani ya gari, lakini kioo alikiacha wazi.